Reli ya Tanga katika Picha za Kale: Namna ya Kuyatambua Mabaki Yake

Huenda msomaji akajiuliza, reli inahusika vipi na historia ya usharika? Usharika wetu haukuanzia mlimani karibu na nyumba ya mmisionari. Ulianzia tambarare, kando ya njia ya reli, kwa Wakristo walioshuka kutoka sharika za Uchagga na Upare kutafuta kazi na mashamba. Walioimba katika ibada za kwanza walikuwa watu ambao siku sita za juma walishika sururu, na siku ya saba wakashika kitabu cha nyimbo. Kwa hiyo, Kamati ya Historia ilipowaomba washarika walete picha za zamani kwa ajili ya kitabu hiki cha miaka mia moja, picha za kanisa zilikuwa chache, na picha za reli, madaraja na stesheni zikawa nyingi. Baadhi zilitoka katika masanduku ya wazee. Nyingine zilichapwa na vijana wetu kutoka katika intaneti.

Karibu kila picha ilikuja na maneno yaliyoandikwa nyuma yake, au na simulizi ya yule aliyeileta. Mara nyingi maneno hayo na picha yenyewe havikupatana. Jambo hili si dogo. Picha ikishachapwa katika kitabu cha jubilei, nyuma ya salamu za Baba Askofu, haitenguliki tena kwa urahisi. Wajukuu wataisoma na kuiamini, na familia moja itaonekana kupewa sifa ambayo ni ya familia nyingine. Wazee wengi waliojenga reli hii hawana kaburi lenye jina wala cheti cha kazi. Kilichobaki kwao ni tuta la udongo, nguzo za mawe mtoni na picha chache. Tukikosea mahali pa picha, tunawahamisha hata pale walipotolea jasho lao.

Kabla ya kuzitazama picha, inafaa kukumbuka kwa ufupi jinsi njia yenyewe ilivyojengwa. Kazi ilianza Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, na hapo kampuni ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani iliichukua njia hiyo. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na mwishoni mwa Septemba 1911 reli zikafika Moshi. Njia ilifunguliwa rasmi mwezi Februari 1912, urefu wake kilomita 352 kutoka Tanga. Hivyo wamisionari wa kwanza wa Kilimanjaro hawakuja kwa garimoshi. Walitembea kwa miguu kutoka pwani, wakifuatana na wapagazi, na kwa miaka 18 Injili ilitangulia reli katika nchi hii. Picha yoyote inayodaiwa kumwonyesha mmisionari akishuka stesheni ya Moshi mwaka 1900 inajikana yenyewe.

Mtego wa kwanza katika picha hizi ni majina. Wajerumani waliandika "Moschi" chini ya picha nyingi, na msomaji wa leo hudhani ni mji wa Moshi tunaoujua. Lakini Moshi ya zamani, yenye boma na usharika wa Kidia, iko juu mlimani. Ndiyo tunayoiita Old Moshi. Mji wa sasa ulikua chini, mahali reli ilipokomea, na kwa sababu hiyo ukaitwa Moshi Mpya. Basi picha ya "Moschi" iliyopigwa kabla ya mwaka 1911 tuitafute mlimani kwenye migomba, tusipoteze muda kuitafuta karibu na stesheni.

Jina la Ruvu lina matata zaidi, nami nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndipo mjadala wa Kamati ulipokuwa mrefu kuliko kwingine. Tanzania ina mito miwili mikubwa iitwayo Ruvu. Mmoja ni wa kwetu, utokao upande wa Ziwa Jipe na kupokea vijito vya Kilimanjaro. Huo ulikuwa ukikutana na Kikuletwa mahali palipo sasa na bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo maji huitwa Pangani. Mwingine hutoka milima ya Uluguru na kuingia baharini karibu na Bagamoyo. Mito yote miwili hukatwa na reli iliyojengwa na Wajerumani. Wa kwetu na Reli ya Tanga, ule mwingine na Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Na juu ya hayo yote, mwaka 1916 majeshi ya Wajerumani yaliporudi nyuma yalivunja madaraja ya reli zote mbili. Daraja la hapa, karibu na Kahe, lilivunjwa mwezi Machi mwaka huo, wakati majeshi ya Jenerali Smuts yalipokaribia. Waingereza katika taarifa zao waliuita mto huo Pangani, na hilo likaongeza utata. Basi mtu akikuletea picha ya daraja lililoanguka mtoni, na chini yake pameandikwa "Ruvu, 1916", maneno hayo ni ya kweli kwa sehemu mbili zilizo mbali sana.

Mzee atasema, "Hili ndilo daraja alilolijenga babu yangu." Huenda ni kweli. Lakini heshima kwa mzee haituzuii kuitazama picha kwa makini, na wazee wenyewe, walipoonyeshwa namna ya kutazama, ndio waliokuwa hodari kupita sisi sote.

Njia iliyotusaidia kuliko zote ni kuyaacha maneno na kutazama mlima. Mtu aliyezaliwa hapa anaijua Kibo na Mawenzi kama anavyojua nyuso za ndugu zake. Ukisimama Moshi, Kibo iko kushoto na Mawenzi iko kulia, na kati yao pana nafasi kubwa ya tandiko. Ukienda Kahe, nafasi hiyo hupungua. Ukiendelea hadi Taveta, Mawenzi imeisogelea Kibo zaidi, kama mtoto aliyejificha penye kanga ya mama yake. Kwa hiyo umbali unaoonekana kati ya vilele viwili unaweza kutueleza mpiga picha alisimama wapi, hata kama reli na daraja vimekwisha kutoweka. Mtu huchukua picha mkononi, huenda mahali anapopadhania, na kusogea hatua kwa hatua mpaka kilele, bega la mlima na kilima kidogo cha mbele vikae kama vilivyo katika picha. Vijana wetu wa kwaya walifanya hivyo kando ya tuta la reli kwa siku mbili, na kazi yao ilizidi kurasa nyingi za maelezo.

Mlima hufichua pia picha iliyogeuzwa. Zamani picha nyingi zilikuwa juu ya vioo. Wamisionari walizipeleka Ulaya na kuzimulika kwa taa ukutani ili Wakristo wa huko waone kazi ya misioni. Kioo kikiwekwa kinyume, kulia huwa kushoto, na picha ikichapwa vitabuni hivyo hivyo, hubaki kinyume daima. Ukiona stesheni inayosemwa kuwa ya Moshi, na Mawenzi iko kushoto mwa Kibo, kuna mambo mawili tu: ama picha imegeuzwa, ama haikupigwa Moshi bali upande wa kaskazini, katika nchi ya Kenya. Tazama basi maandishi kwenye behewa au ubao wa stesheni. Herufi zikisomeka kinyume, jibu limepatikana.

Hata hivyo mlima una tabia yake. Kibo hujifunika kwa mawingu siku nyingi, na picha isiyo na mlima haithibitishi kwamba mlima haupo. Hapo hugeukia upande wa pili, kwa milima ya Upare. Mabega ya Ugweno na kilele cha Kindoroko husimama karibu mashariki mwa njia ya reli, na hayafichwi na mawingu mara nyingi kama Kibo. Upande wa Ruvu ya Uluguru, pale reli inapovuka, hakuna ukuta wa mlima wa namna hiyo ulio karibu. Ni uwanda wa mafuriko. Picha ya daraja lililovunjika, yenye mgongo wa Upare nyuma yake, ni ya huku kwetu hata kama mwandishi aliiweka Dar es Salaam.

Wataalamu wa Ulaya hufundisha kwamba kivuli huonyesha kaskazini. Kwa nchi yao ni sawa. Kwetu, tulio karibu na mstari wa Ikweta, jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, na upande wa kusini miezi iliyobaki. Kivuli peke yake hakitoshi, labda kama mwezi wa picha unajulikana. Theluji nayo hutumika, ila kwa uangalifu. Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilipimwa kuwa kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Picha yenye barafu nene iliyoshuka mabegani ni ya zamani. Lakini theluji mpya ya msimu wa mvua hulaza shuka jeupe juu ya mlima kwa siku chache, na huweza kumdanganya mtu akadhani picha ya miaka ya 1960 ni ya wakati wa Wajerumani.

Baada ya mlima, tunatazama njia yenyewe. Reli ya Tanga ina upana wa mita 1 kati ya chuma na chuma, na mataruma yake ya zamani yalikuwa ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawaachi mti ardhini. Katika picha, taruma la chuma huonekana jembamba, ncha zake zimeinama chini kama sinia lililopinduliwa. Nguzo na makalvati ya wakati wa Wajerumani ni ya mawe yaliyochongwa, na juu yake boriti za chuma. Ukiona daraja ambalo boriti zake zimelazwa juu ya mataruma yaliyopangwa kwa kupishana, safu juu ya safu kama kuni za kuchomea tanuru, hiyo ni kazi ya vita: daraja la muda lililojengwa haraka pembeni mwa lile lililovunjwa. Picha za namna hiyo hazionyeshi ujenzi wa reli kama baadhi yetu tulivyosimuliwa, bali ukarabati wake wa mwaka 1916 na baada ya hapo.

Na si kila reli katika picha ni Reli ya Tanga. Mashamba ya mkonge yalikuwa na vijia vyembamba vya troli, na familia nyingi zina picha ya baba amesimama kando ya troli iliyojaa mkonge, maneno nyuma yakisema "reli ya Mjerumani". Kule Muheza, kutoka Tengeni hadi Sigi, kulikuwa na njia ya upana wa sentimita 75, urefu wa kilomita 23, iliyofunguliwa mwaka 1910 kwa ajili ya mbao za misitu ya Usambara ya Mashariki. Ilipanda mlima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, na reli zake ziling'olewa zamani. Aidha, picha moja iliyodhaniwa kuwa ya daraja refu lisilokamilika ilionyesha nguzo za chuma zikipanda ukuta wa mlima. Hiyo ilikuwa njia ya kamba ya waya iliyoteremsha magogo ya mitarakwa kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara. Mitambo yake ilitengenezwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, mji ule ule uliotuletea wamisionari.

Kwa usharika wetu, njia inayochanganywa zaidi ni ile ya Voi. Mwaka 1915 Waingereza walianza kujenga reli ya vita kutoka Voi kwenda magharibi. Mafundi wa reli wa jeshi la Uhindi waliiongoza, na maelfu ya Waafrika wakaibeba mabegani. Ilipita Maktau na Taveta, na mwaka 1916 ikaunganishwa na Reli ya Tanga hapo Kahe. Iliwezekana kwa sababu reli zote mbili zilikuwa na upana ule ule wa mita 1. Baadaye kahawa ya Kilimanjaro ilipita huko kwenda bandari ya Mombasa. Njia hiyo ilijengwa kwa haraka ya vita, ikafuata ardhi ilivyo. Kwa hiyo katika picha za setilaiti, ambazo siku hizi kijana yeyote huzifungua kwenye simu, tuta lake huonekana jembamba na lenye kupinda, nalo la Tanga limenyooka, lina mikato iliyochimbwa na kalvati za mawe.

Maandishi kwenye mabehewa husaidia kupata kipindi. Herufi EAR&H haziwezi kuwapo kabla ya mwaka 1948, shirika la pamoja la reli na bandari la Afrika Mashariki lilipoundwa, na TRC haiwezi kuwapo kabla ya mwaka 1977. Picha ya abiria wa Dar es Salaam kwenye behewa la njia yetu ni ya mwaka 1963 au baada yake, kwa kuwa kipande cha kutoka Mnyusi hadi Ruvu, kilichoiunganisha Reli ya Tanga na Reli ya Kati, kilikamilika mwaka huo. Wageni wetu wa Dayosisi watakumbuka kwamba mwaka 1963 ndio pia makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT.

Lipo bado bonge moja la ushahidi ambalo halimo katika picha, nalo washarika wote wamelisikia kwa masikio yao. Katika mitaa mingi ya makanisa yetu, kabla ya kengele za shaba, kipande cha reli kilining'inizwa mtini na kugongwa kwa nyundo kuwaita watu ibadani. Shule nyingi hufanya hivyo mpaka leo. Ukisugua kutu ubavuni mwa kipande hicho, mara nyingi utakuta jina la kiwanda na mwaka ambao chuma kilitengenezwa, vimetokeza kwa herufi nene. Mwaka huo unahusu kiwanda tu. Reli huhamishwa, hung'olewa vita vinapokuja na kutandikwa tena kwingine, na kipande kilichotengenezwa mwaka 1909 chaweza kuwa kilifika kanisani miaka 50 baadaye. Hata hivyo ni heri kuwa nao kuliko kukisia, na ningeshauri mitaa isivipake rangi vipande hivyo kabla ya kuyanakili maandishi yake.

Nimeacha mwisho jambo ambalo ni zito kwangu kupita mengine. Katika picha nyingi za ujenzi, Mzungu amesimama katikati na jina lake limeandikwa. Wanaozunguka, waliobeba mataruma, wameandikwa "wafanyakazi", au hawakuandikwa kabisa. Wengi walitoka mbali, pwani na Unyamwezi. Wengine walisukumwa na kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898. Huko Usambara, kuanzia mwaka 1907, mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa Mzungu siku 30 katika kila miezi 4. Hatuwezi kuyarudisha majina yote. Lakini mahali panapotambulika katika picha pana watu wake. Tukishajua kwamba mkato huu wa reli uko kati ya kalvati fulani na kilima fulani, tunaweza kwenda kwa wazee wa kijiji hicho na kuuliza nani alipiga kambi pale, nani alifia pale, na nyumba gani bado inasimulia. Kwa njia hiyo baadhi ya picha katika kitabu hiki zimepata majina ya ukoo ambayo hayakuwapo.

Picha zenyewe zimetawanyika. Wamisionari wa Leipzig walipolazimishwa kuondoka mwaka 1920, nyingi za picha zao zilikuwa Ujerumani tayari. Leo sehemu kubwa ya mkusanyo wa Misioni ya Leipzig inaonekana kwa njia ya intaneti, katika hifadhi ya picha za misioni inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani. Picha za Walther Dobbertin, mpiga picha Mjerumani aliyefanya kazi nchini kabla ya vita na wakati wa vita, ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya taifa la Ujerumani. Hizo zina maelezo, lakini maelezo yao yapimwe kwa mlima kama yetu.

Mabaki ardhini hayatungoji. Biashara ya vyuma chakavu imekula boriti na mataruma mengi. Ukarabati wa njia, uliotuwezesha kuona tena treni ya abiria Moshi mwezi Desemba 2019 na Arusha mwezi Oktoba 2020, ulikuwa baraka kubwa. Ila kalvati ikijengwa upya kwa zege, mawe ya kale huzikwa au hubebwa. Kwa hiyo Kamati imeomba kila mtaa upige picha nguzo na kalvati zilizo katika eneo lake sasa, kutoka pale pale mpiga picha wa zamani aliposimama, mlima ukiwa nyuma. Nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli, si kwa wino, mahali, tarehe, jina la aliyepiga na jina la mzee aliyepaonyesha. Picha hizo zipelekwe kwa Mchungaji au kwa katibu wa usharika. Zitawekwa katika sanduku moja na zile za kale, kila ya sasa nyuma ya ya zamani iliyo ya mahali pale pale.